Ethili asetati maabarani: mwongozo kamili wa kuijua, kuitumia na kuitunza kwenye joto la Dodoma

Kama umewahi kufungua pipa la mvinyo lililoharibika kule Hombolo au Mpunguzi, basi harufu ya ethili asetati unaijua tayari. Zabibu zikichachuka vizuri hutoa kidogo tu, na hicho kidogo huupa mvinyo harufu ya matunda. Pipa likiachwa wazi, hewa ikaingia, bakteria wa siki na hamira za porini wakapata nafasi, kiasi kinapanda. Kikifika miligramu 150 hadi 200 hivi kwa lita moja, mvinyo unaanza kunuka gundi, au ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, na mnunuzi anaurudisha.

Kitu hichohicho ndicho kilichojaa kwenye chupa ya kahawia ya lita 2.5 iliyopo stoo ya maabara yako. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, nimeishika kemikali hii miaka mingi hapa Dodoma, shuleni na chuoni. Naandika kwa sababu maelekezo yanayokuja na chupa yametungwa kwa maabara iliyo usawa wa bahari, yenye nyuzi 20, umeme usiokatika na maji baridi bombani. Sisi tupo mita 1,100 na ushee juu ya bahari, Novemba mchana joto linapita nyuzi 30, na maji ya tangi la juu ya paa yanatoka ya moto. Kemikali ni ileile, ila tabia yake hapa si ileile. Na tabia inayotuhusu zaidi ni ya mvuke wake. Kinachowaka ni mvuke, na mvuke huo huuoni.

Ni kitu gani hasa

Ethili asetati ni esta, yaani kinachopatikana asidi oganiki inapoungana na alkoholi na kutoa maji. Asidi yake ni asetiki, ile ya kwenye siki. Alkoholi yake ni ethanoli, ile ya kwenye pombe. Fomula yake ni CH₃COOC₂H₅ na moli moja ina gramu 88.1. Vitabu vingine huiita ethili ethanoeti. Majina ni mawili, kemikali ni moja, na nimeona stoo ambako chupa mbili zimewekwa rafu tofauti kwa kudhani ni vitu viwili.

Ni kimiminika angavu kama maji, lakini chepesi kuliko maji: mililita moja ina gramu 0.90, kwa hiyo ukivichanganya yenyewe hukaa juu. Mililita 100 za maji huyeyusha gramu 8 hivi za ethili asetati, na zaidi ya hapo vinaachana na kuwa matabaka mawili. Huyeyusha mafuta, nta, utomvu, rangi ya kijani ya majani na dawa nyingi za mimea. Chumvi na sukari haiziyeyushi.

Viwandani imo kwenye gundi, thina, wino wa kuchapia mifuko ya plastiki na rangi ya kucha, na hutumika pia kuondoa kafeini kwenye kahawa na chai. Wanafunzi wa kilimo huitumia kuulia wadudu wa makusanyo: plasta ya jasi iliyoganda kidogo chini ya chupa ya kioo, matone machache ya ethili asetati, kizibo juu. Mdudu hufa akiwa laini, miguu na mbawa zinanyooshwa bila kuvunjika. Chupa iwe ya kioo kweli, maana plastiki nyingi ngumu na angavu hulainika na kuyeyuka.

Kwa nini tuichague wakati kloroformu na etha zipo? Kloroformu inadhuru ini na inashukiwa kuleta saratani. Dietili etha huchemka nyuzi 34.6 usawa wa bahari, na kwa kanieneo ya hewa ya Dodoma hushuka hadi kama nyuzi 31. Maana yake mchana wa Novemba inaweza kuchemka yenyewe mezani, bila moto wala jiko. Zaidi ya hapo, etha ikikaa hutengeneza peroksaidi zinazolipuka, jambo ambalo ethili asetati haina. Kwa kazi nyingi za kukamua dawa kwenye mimea, ethili asetati ndiyo chaguo langu la kwanza.

Namba zake, na maana yake hapa kwetu

Lebo itakuambia inachemka nyuzi 77. Hapa Dodoma utaiona inachemka nyuzi 73 hivi, kwa sababu hewa ya mwinuko huu inakandamiza kidogo. Mwanafunzi asiyeelezwa hili atadhani kipimajoto kimeharibika, au kwamba kemikali yake si safi.

Joto la chini kabisa ambalo mvuke wake unaweza kudaka cheche ni nyuzi 4 chini ya sifuri. Dodoma haijawahi kukaribia huko, hata alfajiri ya Julai. Kwa hiyo hakuna saa, mwezi wala chumba katika mkoa huu ambapo chupa iliyo wazi ni salama mbele ya moto.

Mvuke ukiwa kati ya asilimia 2 na asilimia 11.5 ya hewa, unalipuka. Mvuke huo ni mzito mara tatu ya hewa, haupandi juu. Unashuka mezani, unatambaa sakafuni, unaingia kwenye mtaro wa sinki na kutafuta mahali pa chini.

Chukua stoo ndogo ya mita 3 kwa 3, dari mita 2.7. Nimepiga hesabu kwa nyuzi 30 na hewa ya kwetu: lita 1.7 za ethili asetati zikigeuka mvuke zote, chumba kizima kinafikia asilimia 2. Chupa moja ya lita 2.5 ikianguka inatosha na kubaki. Na kwa kuwa mvuke unakaa chini, usawa wa magoti unafika kwenye hatari mapema sana kabla ya chumba kujaa.

Sasa upande wa mapafu. Kikomo kinachokubalika kwa wastani wa siku ya kazi ya saa nane ni sehemu 400 katika milioni moja ya hewa. Kwenye stoo ileile madirisha yakiwa yamefungwa, vijiko viwili vya chakula vilivyomwagika na kukauka vinakufikisha hapo. Dalili ni macho kuwasha, koo kukauka, kichwa kuuma, kisha usingizi na kizunguzungu kama cha mtu aliyekunywa. Usitegemee pua ikuonye muda wote. Harufu unaipata mapema, lakini baada ya dakika chache pua inazoea na unadhani hewa imesafika.

Siku moto ulipotembea

Ilikuwa shule moja ya sekondari, nikiwa bado kijana kazini. Saa nane mchana, madirisha ya upande wa upepo yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Nilikuwa nasafisha vioo vilivyoganda utomvu, nikamimina ethili asetati kama mililita 150 kwenye bika pana. Meza ya pili, hatua tatu kutoka nilipo, mwalimu alikuwa na kichomeo kinachowaka akipasha neli za kupima sukari.

Sikuona kitu kikimwagika. Niliona mwali mwembamba wa buluu ukitoka kwenye kichomeo chake, ukapita juu ya meza, ukashuka sakafuni, ukapanda upande wangu na kuingia ndani ya bika. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Nilichukua kigae kilichokuwa karibu nikafunika bika, moto ukazimika kwa kukosa hewa. Nywele za mkono wa kulia ziliungua zote na nyusi moja ikaenda.

Mwalimu aliniuliza, "Ndugu yangu, umemwaga wapi?" Sikumwaga popote. Bika pana lililokuwa wazi kwa dakika tano, kwenye joto lile, lilitosha kutandika njia ya mvuke mpaka kwake. Tangu siku hiyo siruhusu mwali wowote kwenye chumba ambamo chupa hii imefunguliwa, hata meza iwe ya mwisho kabisa.

Kununua na kupokea

Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani, Namba 3 ya mwaka 2003, inasimamia uingizaji, uuzaji, usafirishaji na utunzaji wake. Dai karatasi ya taarifa za usalama pamoja na chupa. Muuzaji asiye nayo, mwache. Kwenye lebo tafuta alama ya mwali wa moto, alama ya mshangao na namba ya usafirishaji UN 1173.

Usipakie chupa kwenye bodaboda wala kuingia nayo kwenye daladala lenye abiria. Gari la shule au la chuo ndilo lake, chupa isimame ndani ya ndoo yenye mchanga mkavu, na isiachwe garini juani hata kwa nusu saa ya chakula.

Siku ya kuipokea andika tarehe kwenye lebo, na siku ya kuifungua andika tarehe ya pili. Hapa kuna mtego niliouona mara nyingi: wino wa kalamu ya maka huyeyuka kwenye ethili asetati. Tone moja likichuruzika ubavuni, jina na tarehe vinageuka doa jeusi, na unabaki na chupa usiyoijua. Andika kwa penseli kwenye utepe wa karatasi, kisha funika kwa utepe angavu. Penseli ni kaboni, haiyeyuki.

Mahali pa kuiweka

Stoo nyingi za shule zetu zina paa la bati bila dari nzuri. Rafu ya juu mchana ni kama tanuri. Iweke chini, chini ya usawa wa kiuno, ndani ya beseni la chuma linaloweza kubeba ujazo wote wa chupa ikivunjika. Tundu la hewa liwe karibu na sakafu na lingine juu. La juu peke yake halisaidii, kwa sababu mvuke haupo juu.

Usiiweke kwenye jokofu la kawaida la nyumbani. Taa ya ndani na swichi ya kurekebisha baridi hutoa cheche ndogo, na jokofu ni sanduku lililofungwa linalosubiri kujaa mvuke.

Iwe mbali na pamanganeti ya potasiamu, asidi nitriki, peroksaidi ya haidrojeni na chumvi za nitreti, kwa sababu hizo huchochea moto. Iwe mbali pia na asidi kali na magadi kostiki. Kupanga chupa kwa alfabeti kunaonekana nadhifu mbele ya mkaguzi, lakini kunakalisha maadui rafu moja. Panga kwa tabia.

Ukihamishia kwenye chupa ndogo, tumia kioo chenye kizibo kinachobana na acha nafasi tupu kama sehemu moja ya kumi. Kimiminika hiki hutanuka kwa joto, na chupa iliyojazwa mpaka shingoni asubuhi inaweza kusukuma kizibo ifikapo saa tisa.

Kabla ya kufungua chupa

Vaa miwani ya kinga inayofunika pembeni, koti la pamba na viatu vilivyofunika vidole. Mtandio wa nailoni uondolewe au uwekwe ndani ya koti, maana nailoni ikishika moto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Wa pamba ni bora. Glavu nyembamba za naitrili tunazonunua kwa boksi hupitisha ethili asetati ndani ya dakika chache. Zinakulinda na tone, hazikulindi ukiloweka mkono. Zikilowa zivue, vaa nyingine. Kama kazi ni ya kuosha vioo kwa muda mrefu, tafuta glavu nzito za butili.

Zima kila kichomeo, jiko na birika. Fungua madirisha ya pande mbili ili hewa ipite. Kama una kabati la kutolea mvuke, liwashe na ujaribu kwa kipande cha karatasi laini: kikivutwa ndani, linafanya kazi, kikining'inia tu, hilo ni kabati la kawaida la kuwekea vitu. Hapa kwetu kuna upepo mkali wa kusi, na upepo ukigonga upande wa bomba la kutolea unaweza kuurudisha mvuke ndani. Jaribu kila siku, usiseme jana lilivuta.

Toa kiasi unachohitaji tu, ufunge chupa kubwa hapohapo. Mimina polepole kupitia faneli inayogusa ukuta wa chombo. Ukimimina kutoka kwenye dumu la chuma, unganisha dumu na chombo cha chuma kwa waya wa shaba na uunganishe dumu na ardhi, kwa sababu hewa kavu ya Agosti na Septemba hujenga chaji za umeme haraka.

Kazi ya kwanza: kukamua majani ya mlonge

Nachukua mlonge kwa sababu upo kila kata na wanafunzi wengi huuchagua kwa utafiti wao. Majani ya mkwaju au mizizi ya porini yatafuata njia hiyohiyo.

Anika majani kivulini, siyo juani, mpaka yakatike kwa kelele ukiyakunja. Msimu wa kiangazi siku tatu hadi nne zinatosha. Saga, pima gramu 20 za unga, weka kwenye chupa ya koni yenye kizibo cha kioo, mimina mililita 200 za ethili asetati. Tikisa, legeza kizibo kidogo kutoa msukumo, funga. Acha saa 24 mahali pa baridi, ukitikisa kila unapopita. Kimiminika kitageuka kijani kizito kama mlenda uliokolea.

Chuja kwa karatasi ya kuchujia, faneli ikiwa imefunikwa kwa kioo cha saa ili mvuke usisambae. Masalia ya unga bado yamelowa kiyeyushi. Yaweke kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, yasiende kwenye pipa la karatasi.

Sasa kuondoa kiyeyushi, na hapa ndipo watu wanapokosea. Wengi humimina kwenye sahani na kuiweka barazani upepo uikaushe. Kwa upepo wa Dodoma inakauka kweli, ndani ya saa chache, lakini umetupa mililita 200 za kemikali ya pesa hewani, umewavutisha wapita njia, na mlinzi anayepita na sigara hajui anapita juu ya nini. Naomba tuache tabia hii.

Kama una mashine ya kukausha kwa kuzungusha, weka maji yake nyuzi 40 na mvuto wa milibari 240 hivi. Ethili asetati itatoka taratibu na dawa ya mmea haitaungua. Usipokuwa nayo, tumia mtambo wa kawaida wa kukeneka, yaani kuchemsha na kuupooza mvuke urudi kuwa kimiminika. Chupa ya duara iwe imejaa nusu tu, weka vijiwe vya kuchemshia kabla ya kupasha, siyo baada, maana ukitupia kijiwe kwenye kimiminika cha moto kitafoka chote. Pasha kwa sufuria la maji lililo juu ya jiko la umeme lenye sahani iliyofunikwa, kamwe si mwali, wala jiko la koili zilizo wazi. Mvuke utaanza kupita kwenye nyuzi 73 au chini kidogo. Ikiwa majani yalikuwa na unyevu, maji na ethili asetati hutoka pamoja kabla ya hapo, maji yakiwa kama asilimia 8 ya kinachokenekwa.

Maji ya kupoozea ndiyo tatizo letu. Yakitoka kwenye tangi la juani yana nyuzi 30 na zaidi, na sehemu ya mvuke inapita kwenye kondensa, ile neli ya kupoozea mvuke, bila kupoa. Mimi hutumia ndoo ya lita 20, barafu ya kilo mbili na pampu ndogo ya tangi la samaki inayozungusha maji yaleyale. Inaokoa maji pia, na Dodoma maji si ya kuchezea. Umeme ukikatika, kitu cha kwanza ni kulishusha sufuria la maji ya moto, kabla hujauliza lini utarudi. Jiko limezima, lakini sufuria bado lina joto la kutosha kuendelea kuchemsha wakati pampu imesimama.

Usikaushe mpaka mwisho. Ikibaki mililita 5 hivi, simamisha, hamishia kwenye chupa ndogo iliyopimwa uzito, na acha iliyobaki imalizikie ndani ya kabati la mvuke. Kiyeyushi ulichokiokoa, kikaushe kwa salfeti ya magnesiamu isiyo na maji, kichuje, kiandike "ethili asetati iliyorudishwa, mlonge", ukitumie kwa mlonge tena. Kisitumike kwenye kazi ya mmea mwingine.

Kutenganisha na maji

Wakati mwingine dawa ipo kwenye maji na unataka kuihamishia kwenye ethili asetati. Kwenye faneli ya kutenganishia, hakikisha koki imefungwa, mimina maji yenye dawa, kisha ethili asetati ujazo nusu yake. Ziba, pindua, elekeza mguu wa faneli mbali na watu, fungua koki. Utasikia mlio mfupi wa hewa. Kwa nyuzi 30 msukumo wa mvuke unazidi ule wa nyuzi 20 kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo fungua koki mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Ukiosha kwa bikaboneti, fungua mara mbili ya hapo, kwa sababu kabondaioksidi nayo inatoka.

Tabaka la juu ndilo ethili asetati. Ukisahau, dondosha tone la maji: litakapoenda kujiunga, hapo ndipo maji yalipo. Mimea mingi huleta povu zito katikati lisilotaka kuachana. Usilitikise kwa hasira. Ongeza maji ya chumvi iliyokolea, zungusha polepole, uiache robo saa.

Usioshe kwa magadi kostiki. Hayo huipasua esta kurudi kuwa ethanoli na chumvi ya asidi asetiki, na kiyeyushi chako kitakuwa kinaliwa mbele ya macho yako.

Kwa kromatografia ya sahani za silika, yaani njia ya kuvitenganisha vilivyochanganyika viwe madoa mbalimbali, anza na heksani saba kwa ethili asetati tatu, uongeze ethili asetati kama madoa hayapandi. Mstari wa kuanzia uchorwe kwa penseli, kwa sababu ileile ya lebo.

Kuitengeneza darasani

Wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita hufurahia sana zoezi hili, na kwa kiasi kidogo ni salama. Weka kwenye neli matone 10 ya asidi asetiki isiyo na maji na matone 10 ya ethanoli. Ongeza tone moja la asidi salfuriki iliyokolea. Hili alidondoshe mwalimu mwenyewe. Chemsha maji kwenye birika chumba kingine, yalete kwenye bika yakiwa na nyuzi 80, simamisha neli humo dakika moja hadi mbili. Mimina yote kwenye bika ndogo yenye myeyusho hafifu wa kabonati ya sodiamu. Itatoa povu, asidi iliyobaki itaisha, na matone ya esta yataelea juu. Mwanafunzi apunge hewa kwa kiganja kuelekea puani, asiinamie bika.

Wataalamu Emil Fischer na Arthur Speier walieleza njia hii ya asidi kama kichocheo mwaka 1895. Mweleze mwanafunzi kwamba ukiweka moli kwa moli, mmenyuko unasimama theluthi mbili tu zikiwa zimegeuka, kwa kuwa maji yanayozaliwa yanairudisha esta ilikotoka. Akitaka zaidi, aongeze ethanoli au aondoe maji. Swali hilo huja kwenye mitihani, ila aliyelinusa jibu lenyewe halisahau.

Ikimwagika, ikimpata mtu, ikiwaka

Ikimwagika kidogo, usiguse swichi yoyote, si kuwasha wala kuzima. Watoe wanafunzi kwa mlango ulio mbali na umwagikaji. Fungua madirisha, mwagia mchanga mkavu wa korongoni, ambao uwe umechekechwa na kuwekwa kwenye ndoo tangu zamani. Zoa kwa kibao cha mbao, weka kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, itoe nje. Vumbi la mbao lisitumike, litakuwa kuni zilizolowa petroli. Maji ya kusukumia sinki yasitumike pia. Ikiwa chupa nzima imevunjika, usijifanye shujaa: toka, funga mlango, simama upande unakotoka upepo, piga Zimamoto 114.

Ikiingia machoni, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, kisha hospitali. Ngozini, sabuni na maji. Ikirudiarudia ngozi hukauka na kupasuka kwa kukosa mafuta yake. Aliyeivuta atolewe nje kivulini, alegezewe nguo, asiachwe peke yake. Aliyeimeza asitapishwe, kwa sababu inaweza kuingia mapafuni wakati wa kutapika. Na asipewe maziwa. Najua kwetu maziwa ndiyo huduma ya kwanza ya kila sumu, lakini hapa hayamsaidii na yanaongeza hatari ya kutapika. Asukutue mdomo kwa maji, apelekwe hospitali na karatasi ya usalama mkononi.

Bika likiwaka, lifunike. Moto mkubwa zaidi uzimwe kwa unga mkavu, kabondaioksidi au povu linalostahimili alkoholi. Ndoo ya maji itaibeba juu yake ikiendelea kuwaka na kuipeleka kwa jirani.

Taka na chupa tupu

Weka chupa moja ya kioo yenye maandishi "Taka: viyeyushi visivyo na klorini". Ethili asetati na heksani humo. Kloroformu kwenye chupa yake. Usimimine humo asidi nitriki hata tone, na usibane kizibo mpaka uwe na uhakika hakuna kinachoendelea kutoa gesi. Ikijaa robo tatu, andika kilichomo kwa makadirio na uwasiliane na Mkemia Mkuu wa Serikali kuhusu kuiteketeza.

Chupa tupu ndiyo inayosahaulika. Chupa za kahawia za lita 2.5 ni nzuri, na kila mtu anazitaka: mama wa jikoni aweke mafuta, mlinzi aweke mafuta ya taa, kijana wa Kondoa aweke asali. Lakini chupa iliyobakiza tone, kwenye nyuzi 30, ina mvuke wa asilimia 18 ndani yake. Ni mzito mno kuwaka, mpaka mtu aifungue, hewa iingie, ishuke kati ya 11.5 na 2. Mimi huzisuuza mara tatu kwa maji kidogo, maji hayo yakienda kwenye chupa ya taka. Kisha nazilaza wazi ndani ya kabati la mvuke siku mbili, nachana lebo, nazivunja ndani ya gunia kwa nyundo ya mbao. Mama wa jikoni nimemnunulia dumu lake.